MAZOEZI YA POLEPOLE KUTOKA UCHINA: YANA FAIDA GANI KWETU?



Katika kurasa hizi tumeongea sana juu ya ng'ombe wa gredi, matangi ya maji, mikopo na vitabu vya hesabu. Ni mambo mema na tutayarudia. Lakini mimi ninapotembelea vikundi, hasa vya kina mama, neno la kwanza ninaloambiwa baada ya salamu si mkopo. Ni mgongo. "Huu mgongo utaniua." Halafu magoti. Halafu usingizi: mtu amelala saa nne usiku, saa nane yuko macho, anahesabu karo ya shule kichwani mpaka jogoo awike.

Kuna mazoezi ya mwili yaliyotoka Uchina ambayo yanaweza kusaidia shida kama hizi kwa kiasi fulani. Mimi niliyapata katika semina ya watu wanaohudumia wagonjwa nyumbani, na tangu hapo nimeyafanya na vikundi kadhaa. Hayataki kiatu cha michezo, hayataki mashine, hayataki hata shilingi moja. Wengine wameniuliza kama ni uchawi. Wengine wameniuliza kama yanaponya ugonjwa wa sukari. Yote mawili jibu ni hapana, na nitaeleza kwa nini.

Jina lake na asili yake

Wachina huyaita qigong. Hapa nitaandika chigongi, ili ndimi zetu zisipate taabu. Ni maneno mawili yaliyounganishwa. Chi ni pumzi, hewa, na pia ile nguvu ambayo Wachina wa kale waliamini inazunguka ndani ya kila kitu chenye uhai. Gongi ni kazi, au ule ustadi mtu anaoupata kwa kurudia kazi moja siku nenda siku rudi, kama mama anayesuka kiondo mpaka vidole vinajiendea vyenyewe. Kwa hiyo tunaweza kusema ni "kazi ya pumzi". Pengine mmesikia habari za taichi. Hiyo ni ndugu yake, ila yenyewe ilitokana na mchezo wa kupigana, ikawa inafanywa polepole.

Si jambo la juzi. Mwaka 1973 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua kaburi mahali paitwapo Mawangdui, karibu na mji wa Changsha katika mkoa wa Hunan. Kaburi hilo lilikuwa limefungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani walikuta kitambaa cha hariri kilichochorwa watu 44, wanaume kwa wanawake, wengine wamevaa kanzu na wengine kifua wazi, kila mmoja akijinyoosha kwa namna yake. Mmoja ameshika fimbo. Michoro mingine ina majina ya wanyama wanaoigwa. Miaka karibu mia nne baadaye alikuwako tabibu aliyeitwa Hua Tuo, ambaye husemwa aliwafundisha watu kuiga mienendo ya chui-milia, kulungu, dubu, nyani na ndege. Alifananisha mwili na bawaba ya mlango: ile inayosogea kila siku haiozi.

Lakini jina chigongi kwa maana ya leo ni jipya kuliko watu wanavyofikiri, na hapa kuna habari ya mtu ambaye nataka mumjue. Aliitwa Liu Guizhen, mfanyakazi wa chama cha Kikomunisti katika mkoa wa Hebei. Mwaka 1947, akiwa kijana wa miaka 27 hivi, alirudishwa kwao kijijini akiwa mgonjwa sana wa vidonda vya tumbo. Mzee mmoja wa ukoo wake alimfundisha kutulia na kupumua kwa tumbo kila siku. Akapata nafuu, akarudi kazini, akawaeleza wakubwa wake. Wakati huo Uchina ilikuwa imetoka vitani, madaktari walikuwa wachache na watu wengi sana. Serikali ikaona hapa pana tiba ya bei rahisi. Mazoezi yale ya kale yalikuwa yamechanganyika na dini za huko na siri za waalimu, basi wakayachambua, wakaondoa maombi na mapepo, wakabakiza mwili na pumzi. Katika miaka ya 1950 nyumba za matibabu ya namna hii zilifunguliwa Tangshan na Beidaihe.

Halafu yakaja Mapinduzi ya Utamaduni mwaka 1966, na chigongi ikapigwa marufuku kama takataka ya zamani. Liu mwenyewe alifukuzwa kazini. Aliyeyarudisha mazoezi haya mbele ya watu alikuwa mama, mchoraji wa picha aliyeitwa Guo Lin, mgonjwa wa saratani ya kizazi ambaye alikuwa amepasuliwa mara kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kufundisha wagonjwa wenzake katika bustani za Beijing, asubuhi na mapema, wakati bado jambo lenyewe lilikuwa la hatari. Sisemi chigongi iliponya saratani yake. Alikuwa pia amepitia mikononi mwa madaktari wa upasuaji. Ninalotaka mlione ni kwamba hakuwafundisha mmoja mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, kama waalimu wa zamani walivyofanya. Aliwakusanya. Mgonjwa aliyekuwa amelala nyumbani akingoja kufa alitoka nje, akasimama na wenzake chini ya miti. Ninyi mlio vikundini mnajua maana ya jambo hilo kuliko mimi.

Mahali palipoharibika

Afadhali niseme pia upande mbaya, maana hata huku kwetu kitu kizuri hakikosi mtu wa kukifanyia biashara. Katika miaka ya 1980 na 1990 chigongi ilienea Uchina kama moto wa nyika. Wakatokea mabwana waliojaza viwanja vya mpira, wakidai wanaweza kuwatumia watu nguvu kutoka mbali na kuponya kila ugonjwa. Kuna picha za miaka hiyo ya 1990 zinazoonyesha watu wazima, wenye elimu zao, wameketi wamevaa sufuria kichwani ili zidake nguvu kutoka angani! Wengine waliacha dawa. Mwisho serikali ikaingia kwa nguvu. Mwaka 1999 ilipiga marufuku kundi kubwa la Falun Gong na kuwakamata wafuasi wengi, mambo ambayo yamelaumiwa sana na watetezi wa haki za binadamu. Baadaye, mwaka 2003, idara ya michezo ya Uchina ilitoa aina nne tu za mazoezi zilizopangwa upya, ambazo kila mtu anaweza kuzifanya bila bwana wa kumlipa. Moja ya hizo nne ndiyo nitakayoieleza hapa chini.

Mwili unapata nini?

Wachina wa jadi husema chi hupita katika njia fulani mwilini, na ikiziba mahali, ugonjwa huingia. Hiyo ni elimu yao na ina heshima yake. Lakini madaktari waliopasua miili ya watu hawajaziona njia hizo kama wanavyoona mishipa ya damu, na huna haja ya kuziamini ili mazoezi yakufae. Tunaweza kueleza kwa mambo tunayoyajua.

Mtu akishtuka, moyo hukimbia, pumzi hupanda juu kifuani, shingo na mabega hukaza. Mwili umeumbwa hivyo ili tukiona nyoka tukimbie. Sasa karo ya shule si nyoka. Huwezi kuikimbia, na haiondoki. Mwili unabaki umekaza wiki nzima, mwezi mzima, kama mtu anayengoja kuumwa. Ukipumua polepole na kwa kina, tumbo likitoka na kuingia, unaipa mishipa ya fahamu habari kwamba hatari imepita. Jaribu: weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono karibu na kifundo, vuta pumzi, kisha uitoe polepole sana. Watu wengi, hasa walio vijana, husikia mapigo yakipungua kidogo wakati pumzi inatoka. Hakuna muujiza hapo.

Lingine ni miguu. Mtu anayetembeza uzito wa mwili polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine, magoti yamekunjwa kidogo, anafundisha miguu kusimama imara. Kwa vijana hilo ni jambo dogo. Kwa shosho wa miaka sabini anayeteremka mtoni kwenye njia ya matope, ni jambo la kufa na kupona, kwa sababu nyonga ikivunjika uzeeni mara nyingi mtu hasimami tena. Mwaka 2012 watafiti wa jimbo la Oregon, Marekani, walitoa matokeo yao juu ya watu 195 wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Waliofanya taichi mara mbili kwa wiki kwa majuma 24 walisimama imara zaidi, na walianguka mara chache kuliko wale waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Shirika la Afya Duniani nalo katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linataka wazee wafanye mazoezi ya kusimama imara na kutia misuli nguvu angalau siku tatu kwa wiki.

"Lakini mimi nalima kutwa!"

Swali hili huulizwa kila mahali, na ni swali la haki. Mama aliyeamka saa kumi na moja, akakamua, akachota maji, akapalilia mpaka saa saba, unamwambia afanye mazoezi? Si ni dharau?

Sikilizeni. Kazi ya shamba ni mazoezi ya kweli kwa moyo na kwa misuli, hakuna anayekataa. Taabu yake ni kwamba inauvuta mwili upande mmoja tu. Ukipalilia, umeinama mbele. Ukichuma chai, mikono mbele, shingo chini, kikapu mgongoni. Ukibeba kuni kwa mkanda wa kichwani kama wanavyofanya mama zetu wa sehemu za Mlima Kenya, shingo inasukumwa mbele na uti wa mgongo unabanwa. Ukifua, umeinama. Ukipika jikoni kwa mafiga matatu, umeinama. Ukimbeba mtoto, umeinama. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi kwa siku mama huyo ananyoosha mikono juu ya kichwa na kutazama mbinguni. Pengine wakati wa kuanika nguo tu.

Mazoezi haya ya Wachina yanafanya kinyume cha jembe. Yanafungua kifua, yanainua mikono, yanazungusha shingo, yanarefusha mgongo. Tena hayachoshi. Dakika kumi na tano zinatosha, na mtu anamaliza akiwa na nguvu zaidi ya alipoanza. Ndiyo sababu mimi siwaambii kina mama "ongezeni kazi". Nawaambia mpate dakika chache za kuupumzisha mwili huku umesimama.

Vipande vinane vya hariri

Mfululizo nitakaoueleza unaitwa Baduanjin, maana yake vipande vinane vya hariri ya nakshi. Umejulikana tangu enzi ya Song, iliyoanza mwaka 960 na kwisha mwaka 1279. Una mienendo minane. Katika mpango wa mwaka 2003 kila mwenendo hufanywa mara sita, isipokuwa wa mwisho ambao ni mara saba.

Kwanza simama tu. Wengi wanataka kuruka hapa, kumbe hapa ndipo nusu ya kazi ilipo. Miguu iachane kwa upana wa mabega, vidole vielekee mbele, magoti yalegee kidogo, mabega yashuke. Fikiria kuna uzi umefungwa utosini na mtu anauvuta juu polepole. Ulimi utulie. Pumua kwa pua ukiweza. Weka mikono tumboni chini ya kitovu usikie tumbo likitoka na kuingia. Kaa hivyo dakika mbili. Mawazo yatakuja: mbuzi amefungwa? Nani ataenda mkutano wa maji? Usigombane nayo. Yaache yapite, urudi kwenye pumzi.

Mwenendo wa kwanza ni kuinua mbingu. Fumanisha vidole vya mikono yote miwili mbele ya tumbo, viganja juu. Inua mpaka kifuani ukivuta pumzi, geuza viganja, sukuma juu ya kichwa kana kwamba unainua dari, ukitazama mikono. Tulia kidogo, kisha iachie ishuke pande zote mbili huku pumzi ikitoka. Kama mtu ana nafasi ya mwenendo mmoja tu kwa siku, awe huu. Mama mmoja mchuma chai aliniambia akiufanya mwisho wa safu anasikia mgongo "unalia ta-ta-ta" halafu unatulia.

Wa pili ni kuvuta upinde. Panua miguu, kunja magoti kama uliyepanda punda. Mkono mmoja unasukuma kando, kidole cha shahada kimesimama, na mwingine unavuta kamba ya upinde ambayo haipo mpaka karibu na bega. Macho yatazame mbali kupita kile kidole. Badilisha upande. Wanaume wanaupenda huu, na hapo ndipo wanapoacha kucheka. Wa tatu ni rahisi: kiganja kimoja kinasukuma juu, kingine kinasukuma chini kando ya nyonga, kama mtu anayetenganisha mbingu na nchi, halafu unabadilisha.

Wa nne ni kutazama nyuma. Mikono iko chini kando, viganja vigeuke kuelekea nje mpaka kifua kifunguke, na kichwa kigeuke polepole kutazama nyuma ya bega. Kiwiliwili kisigeuke, ni shingo tu. Usilazimishe. Ukifika mahali panapouma, umepita mahali pa kusimama.

Wa tano na wa sita nataka muwe waangalifu nayo. Katika wa tano mtu huchuchumaa kidogo, miguu imepanuliwa, mikono juu ya mapaja, akazungusha kiwiliwili na kichwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na makalio yakienda upande wa pili. Katika wa sita mikono huteremka nyuma ya miguu mpaka kwenye nyayo, kisha mtu hujiinua na mikono juu. Kwa vijana ni mizuri sana. Lakini mwenye presha ya juu, kizunguzungu, au mgongo uliokwisha kuharibika asiinamishe kichwa chini ya moyo. Afike magotini tu, au aiache kabisa hii miwili. Hakuna atakayemhesabia.

Wa saba ni ngumi. Magoti yamekunjwa, ngumi zimekaa kiunoni, sukuma moja mbele polepole huku umekodoa macho kana kwamba umemkuta mwizi wa kuku. Fungua kiganja, kizungushe, kamata, rudisha. Wa nane ni kuinuka juu ya vidole vya miguu, kutulia, kisha kushusha visigino vitue kwa mshindo mdogo sana. Shika kiti au mti kama huna uhakika. Mama aliyeshukwa na kizazi, mwenye mifupa dhaifu, au mwenye magoti mabovu asitue kwa mshindo, ashushe taratibu.

Katika yote, msibane pumzi. Kubana pumzi hupandisha presha. Ukisahau lini kuvuta na lini kutoa, pumua tu kama kawaida na uendelee. Pumzi itajipanga yenyewe baada ya siku chache.

Je, Mkristo anaruhusiwa?

Nimeulizwa swali hili na makatekista, na sitaki kulikwepa. Kuinua mikono na kupumua si ibada ya mtu yeyote. Hata hivyo, kuna waalimu ambao wanachanganya mazoezi na mafundisho ya kiroho, wanaomba miungu mingine au wanaahidi kwamba utaunganishwa na nguvu ya ulimwengu. Mwaka 1989 Roma ilitoa barua kwa maaskofu juu ya sala ya Kikristo, iliyotiwa sahihi na Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI. Barua hiyo haikatai kwamba mwili ukitulia unaweza kumsaidia mtu kujiandaa kusali. Inachoonya ni kwamba baadhi ya mazoezi huleta hisia za utulivu na raha, na ni kosa kuchukua hisia hizo kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Mimi naliona hilo ni onyo la busara. Ukimaliza mazoezi ukasikia mwili mwepesi, shukuru kwa mwili mwepesi. Sala bado iko pale inakungoja, haikufanywa kwa niaba yako.

Kwa hiyo kwenye kikundi, mwenye wasiwasi aongee na padre wake, na asilazimishwe. Na akija mtu anayetaka mfumbe macho mkariri maneno msiyoyaelewa, mwulizeni maana yake kwanza.

Dawa haziachwi

Sasa niseme neno zito. Najua baba mmoja, mkulima hodari, aliyekuwa akimeza vidonge vya presha. Alipita mtu wa kuuza dawa za mitishamba, ana mabango na kipaza sauti, akamwambia kwamba mazoezi ya Kichina pamoja na chupa zake zinasafisha mishipa, vidonge si vya lazima tena. Baba akaviacha miezi miwili. Alijisikia vizuri kabisa, na hapo ndipo hatari ya presha ilipo, kwamba mara nyingi haiumi. Alianguka katikati ya mahindi. Leo upande wake wa kulia hausogei, na mkewe ndiye anayemlisha na kumgeuza kitandani, mke ambaye naye ana mgongo.

Mazoezi haya ni jirani wa dawa, hayachukui nafasi yake. Mwenye presha, mwenye sukari, mwenye pumu, anayemeza dawa za virusi, anayetibiwa TB, aendelee na dawa yake kama alivyoagizwa na kwenda kliniki kwa tarehe yake. Kama baada ya miezi kadhaa presha imeshuka, anayepunguza vidonge ni daktari au klinikofisa, si mwenyewe na si mwenyekiti wa kikundi. Na maumivu ya kifua, mguu uliovimba ghafula, mgongo unaouma pamoja na ganzi miguuni au kushindwa kuzuia mkojo, hayo si ya kufanyiwa mazoezi. Ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Na wale ambao huzuni imewazidi, mtu asiyekula, asiyelala, anayesema afadhali asingekuwako, msimwambie "pumua tu". Kaeni naye, mmpeleke kwa mtu wa afya. Kupumua kutamsaidia baadaye.

Kuanza katika kikundi

Vikundi ambavyo vimeendelea ni vile vilivyoyaweka mazoezi mwanzoni mwa mkutano, kabla ya kusoma mahudhurio. Vile vilivyoyaweka mwisho viliacha baada ya wiki tatu, kwa sababu mwisho wa mkutano kila mtu anafikiria ng'ombe wake. Dakika kumi na tano zatosha. Msijifunze minane kwa siku moja. Chukueni miwili, mwifanye wiki mbili, kisha muongeze. Aliyeshika vizuri asimame mbele, wengine wamfuate. Nyumbani kila mtu afanye wakati wake. Wengi wanasema asubuhi kabla ya jembe ni bora, na wasiolala wanasema jioni. Msifanye mara baada ya kula ugali ukashiba.

Kuna kikundi kimoja kilichogundua jambo ambalo sikuwafundisha mimi. Wazee wao wanne hawawezi kusimama muda mrefu, wakawa wanaketi pembeni wakitazama. Siku moja mmoja akaanza kuinua mikono akiwa ameketi kwenye stuli yake. Sasa wote wanne wana safu yao. Wanakalia viti vya mbao visivyo na mikono, makalio yamesogea mbele kidogo, mgongo haujaegemea, nyayo zote mbili zimekaa chini sawasawa. Ambaye miguu haifiki chini amewekewa tofali. Wanafanya kuinua mbingu, upinde, kutenganisha mbingu na nchi, na kutazama nyuma. Badala ya kuinuka juu ya vidole wanainua visigino tu, kimoja kimoja, mara saba kila upande, na mmoja wao ndiye anayewahesabia kikundi kizima kwa sauti.

Wenye wagonjwa wa kulala kitandani nyumbani wanaweza kutumia njia hiyo hiyo kwa sehemu ndogo: mgonjwa akiwa ameegemea mito, anayemhudumia ainue mikono yake pamoja naye, wakipumua pamoja, mara tatu tu kwa kuanzia. Mkiona amechoka au pumzi imekuwa fupi, acheni, mjaribu tena kesho.

Vikundi vinavyotaka kuonyeshwa vipeleke ombi katika ofisi ya maendeleo ya parokia, na waandike idadi ya watu na siku yao ya mkutano. Uwanja wa kanisa si lazima. Kivuli cha mwembe kinatosha.